Bakteria Hawatatubebea Mzigo wa Viwanda

Tangu Rais William Ruto alipozindua mradi wa kuufufua Mto Nairobi mnamo Machi 2025, mjadala kuhusu mto huo umepamba moto upya. Si mara ya kwanza. Marehemu John Michuki, aliyeshika wizara ya mazingira kuanzia 2008, aliwahi kuusafisha kwa kiasi ambacho wakazi wa jiji walistaajabu kugundua kwamba chini ya takataka zile kulikuwa na maji yanayotiririka. Safari hii tena vijana waliingia mtoni kwa majembe na mabuti, na matumaini yakafufuka kwamba mto utarudi kuwa mto.

Hata hivyo, mto huu una uchafu wa aina mbili, na jembe huondoa mmoja tu. Mifuko, chupa na matairi vinaonekana na kuzolewa. Kilichoyeyuka majini hakizoleki: chumvi za kromiamu kutoka viwanda vya ngozi, rangi za nguo, sianidi na zinki kutoka karakana za kung'arisha vyuma, mafuta ya gereji, fenoli, dawa za kuulia wadudu. Mto Ngong hupita katika Eneo la Viwanda, ukajiunga na Mto Nairobi, nao Mto Nairobi ukamwagika katika Athi. Athi hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na hatimaye huingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Kati ya Nairobi na bahari kuna watu wanaonywesha ng'ombe, wanaonyunyizia sukuma wiki na wanaochota maji ya kupikia. Uchafu wa jiji una safari ndefu na wenyeji wengi wa kuupokea.

Katika mazungumzo haya nimesikia hoja moja ikirudiwarudiwa, hasa na wanafunzi wanaotayarisha kazi za maonyesho ya sayansi na walimu wanaowaongoza. Husemwa kwamba tusiwe na wasiwasi mkubwa, maana asili ina wafagizi wake. Wapo bakteria wanaokula mafuta, wanaokula sianidi, wanaoishi ndani ya zebaki bila kudhurika. Kilichobaki ni kuwakusanya na kuwaachilia katika majitaka, nao watatumaliziia kazi. Hoja hii ina mvuto, na nusu yake ni kweli kabisa. Ni ile nusu ya pili inayonitia hofu, kwa sababu serikali na wenye viwanda wanaweza kuikumbatia kama kisingizio cha kutofanya lolote.

Tuanze na nusu iliyo kweli, kwa kuwa inastahili heshima yake. Mwaka 1914, mjini Manchester nchini Uingereza, wakemia wawili, Edward Ardern na William Lockett, walieleza jambo walilolibaini walipokuwa wakipuliza hewa ndani ya majitaka. Mara ya kwanza maji yalichukua wiki kadhaa kutakata. Badala ya kulimwaga tope lililotuama chini, wao walilihifadhi, wakatia majitaka mapya juu yake, wakapuliza hewa tena. Kila waliporudia, muda ulipungua, hata kazi iliyochukua wiki ikawa inakamilika kwa saa chache. Tope lile lilikuwa jeshi la bakteria waliokwisha kuzoea chakula chao. Karibu kila jiji kubwa duniani leo lina mtambo unaotokana na ugunduzi huo. Mabwawa ya majitaka ya Nairobi yaliyoko Ruai, ambayo ni miongoni mwa makubwa zaidi ya aina yake barani Afrika, hutumia bakteria pia, ila kwa utaratibu wa polepole: bwawa la kina kirefu lisilo na hewa, kisha lile ambalo mwani huwapa bakteria oksijeni, kisha ya mwisho yanayoachiwa jua liue viini vya maradhi.

Bakteria hula nini hasa? Hula kaboni. Kinyesi, mafuta ya mimea, damu ya machinjioni, molasi ya kiwanda cha sukari, vyote hivyo ni kaboni iliyofungamana na haidrojeni na oksijeni, na kwa bakteria ni ugali. Hata sumu kali kama fenoli, ikiwa si nyingi kupita kiasi, ina kaboni ndani yake. Fenoli imejengwa kama pete ya atomi sita za kaboni, nayo pete hiyo ni ngumu kuvunjika. Baadhi ya bakteria wa kundi la Pseudomonas wana vimeng'enya vinavyopachika oksijeni kwenye pete hiyo mpaka ikalegea na kufunguka. Ikishafunguka, hukatwa vipande vipande na kuchomwa ndani ya seli kama sukari. Kinachobaki ni maji na kaboni dayoksaidi. Hapa neno "kumaliza sumu" lina maana yake kamili.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Marekani, katika jimbo la South Dakota. Huko kulikuwa na mgodi wa dhahabu ulioitwa Homestake, uliochimbwa tangu karne ya 19 hadi ukafungwa mwanzoni mwa karne hii. Kwa takriban miaka 100 mabaki ya mgodi yalimwagwa katika kijito cha Whitewood, na kijito kikafa. Dhahabu huyeyushwa kutoka katika mawe kwa sianidi, na sianidi huua kwa kuzuia seli zisitumie oksijeni. Mwaka 1984 mgodi ulianza kutumia mtambo wa bakteria uliobuniwa kuhudumia takriban lita milioni 20 kwa siku. Ndani yake mlikuwa na magurudumu makubwa 48, nusu majini na nusu hewani, yaliyozunguka polepole yakiwa yamefunikwa na utando wa bakteria kama ule utelezi wa mawe ya mtoni. Bakteria wenyewe walizoeshwa sianidi kidogo kidogo. Waliivunja wakapata kaboni na nitrojeni, kisha kundi lingine likaigeuza amonia iliyosalia kuwa naitreti. Samaki aina ya trauti walirudi katika kijito kile.

Nausimulia mkasa huu kwa sababu unatuhusu. Katika kaunti ya Migori wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, na mchanga unaobaki hununuliwa na wengine ili uoshwe kwa sianidi. Mtu asituambie kwamba sianidi haina dawa. Dawa ipo, imethibitishwa, na ina zaidi ya miaka 40. Ila tuone pia kilichoiwezesha: mtambo ulijengwa penye uchafu, kwa ajili ya uchafu ule mmoja, na gharama ikalipwa na aliyeuzalisha. Sianidi haikutumwa kwenye mabwawa ya mji ikachanganyikane na majitaka ya vyoo.

Hata kwa sumu zenye kaboni, nawasihi wanafunzi wasiharakishe kupiga makofi. Rangi nyingi za nguo hushikiliwa na kifungo cha atomi mbili za nitrojeni ambacho wakemia hukiita azo. Ukiwatia bakteria katika maji hayo bila hewa, hukikata kifungo hicho, na maji mekundu au ya samawati hugeuka kuwa maangavu mbele ya macho yako. Ni jambo la kupendeza sana katika maonyesho ya shule. Lakini vipande vilivyokatwa ni amini, na baadhi ya amini hizo husababisha saratani. Ni lazima maji yale yapelekwe katika tangi la pili, lenye hewa, ambako bakteria wengine watavimaliza vipande. Mwenye kiwanda anayeishia tangi la kwanza atakuwa ameondoa rangi iliyokuwa ikimshtaki na kuacha sumu isiyoonekana.

Sasa tuje kwenye madini, na hapa ndipo hoja ya wafagizi wa asili inapovunjika mguu.

Risasi ni risasi. Kromiamu ni kromiamu. Hizi ni elementi, wala si mchanganyiko, na hakuna kimeng'enya duniani kinachoweza kuivunja elementi. Mwanafunzi wa sekondari anayeijua jedwali ya elementi anayo hoja ya kutosha kumjibu yeyote anayedai kwamba bakteria "wanakula" risasi. Wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, walipewa na mahakama fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Miaka yote hiyo ya kesi, risasi iliyokuwa imezama udongoni haikuliwa na kiumbe chochote.

Basi bakteria wanaoishi penye madini hufanyaje? Mwaka 1976 nchini Ubelgiji, karibu na mji wa Liège, wanasayansi walichota tope kutoka tangi la kiwanda cha zinki, mahali ambapo ungedhani hapaishi kitu. Walimkuta bakteria anayeitwa siku hizi Cupriavidus metallidurans, anayestahimili zinki, kadimiamu, kobalti, nikeli, shaba, risasi, zebaki na kromiamu kwa viwango vinavyowaua bakteria wa kawaida. Siri yake kubwa ni pampu. Katika kuta za seli yake mna protini zilizopangwa kama bomba linalopenya kutoka ndani hadi nje, na kila chembe ya zinki inayoingia hutemwa tena nje kwa nguvu. Maagizo ya kuunda pampu hizo yameandikwa kwa sehemu kubwa katika plasmidi mbili, yaani vipande vya pembeni vya DNA ambavyo bakteria huweza kuazimana.

Hebu tufikirie maana yake. Bakteria huyu hakuondoa zinki majini. Aliitoa nyumbani kwake akaimwaga uani. Ustahimilivu wake ni kwa manufaa yake, haukukusudiwa kutuhudumia sisi. Mwanafunzi anayekuta bakteria hai katika mtaro wa kiwanda na kutangaza kwamba amepata mfagizi, amepata mwenye nyumba tu aliyejua kufunga mlango. Ni kweli kwamba Wabelgiji hawakukata tamaa. Waliona kwamba pampu zikifanya kazi, maji yaliyo karibu kabisa na seli hupungua ukali wa asidi, na madini yakagandamana hapo kama kaboneti, mithili ya ukoko ndani ya birika. Wakajenga vichujio vya mchanga vyenye bakteria hao, na madini yaliyoganda yakawa yanaoshwa na kukusanywa. Lakini kazi ya kuyakusanya na kuyapeleka mahali salama ilibaki mikononi mwa binadamu.

Kromiamu ina hadithi yake. Viwanda vya ngozi hutumia kromiamu III, ambayo haina ukali mkubwa. Theluthi moja hivi ya chumvi hiyo haishikwi na ngozi, bali huondoka na maji. Karakana za kung'arisha vyuma hutumia kromiamu VI, na hii ni sumu halisi, inayoyeyuka kwa urahisi na kusababisha saratani. Hila yake ni kufanana na salfeti, ambayo seli huihitaji. Mlango uliowekwa kwa ajili ya salfeti hudanganyika, ukaifungulia kromiamu, nayo ikishaingia huharibu DNA. Mnamo 1977 wanasayansi wa Kisovieti walieleza kuhusu bakteria wanaoweza kuipa kromiamu VI elektroni na kuigeuza kuwa kromiamu III. Katika maji yasiyo na asidi kali, kromiamu III haiyeyuki sana, hivyo hutuama chini. Kwa njia hiyo maji yanayotoka huwa salama zaidi, na ni ushindi wa kweli. Kanuni zetu za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 0.05 tu za kromiamu VI katika kila lita ya majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira, na bakteria wanaweza kukisaidia kiwanda kuufikia mpaka huo. Lakini kromiamu yenyewe iko wapi? Iko katika tope. Tope hilo likichomwa, au likikutana na oksaidi za manganizi zilizomo katika udongo, sehemu yake huweza kugeuka tena kuwa kromiamu VI.

Na zebaki je? Bakteria wengi wanayo jeni inayounda kimeng'enya cha kuigeuza zebaki iliyoyeyuka kuwa zebaki ya kawaida, ile tuijuayo katika vipimajoto vya zamani, ambayo kwao si kali vile. Zebaki hiyo hugeuka mvuke na kupaa. Bakteria amepona, hewa ndiyo iliyopokea mzigo. Huko Ujerumani, kuelekea mwaka 2000, wahandisi walikitumia kipaji hicho katika kiwanda cha klorini, lakini waliwafungia bakteria ndani ya tangi ili zebaki ibaki humo kama vitone na kuondolewa kwa utaratibu. Bila tangi lile wangekuwa wanahamisha sumu kutoka majini kwenda angani.

Njia ya heri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya bakteria wanaopumua salfeti mahali pasipo na oksijeni. Wao hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ikikutana na zinki, risasi au shaba iliyoyeyuka, huishika papo hapo na kuwa unga usioyeyuka. Huko Budel, nchini Uholanzi, kiwanda cha zinki kilichokuwa kimechafua maji ya chini ya ardhi kilianza mwaka 1992 kutumia bakteria hao, na salfaidi ya zinki iliyopatikana ikarudishwa katika tanuri za kiwanda hicho hicho. Uchafu ukawa malighafi. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi bakteria wa jinsi hii hahitaji maabara ya kifahari. Atie tope la bwawa safi katika chupa inayopenyeza nuru, aongeze vipande vya karatasi na kiini cha yai lililochemshwa, ajaze maji, afunike, aiache dirishani kwa wiki kadhaa. Sehemu ya chini itageuka nyeusi tititi: hiyo ni salfaidi ya chuma. Sergei Winogradsky, Mrusi, aliibuni chupa hiyo katika karne ya 19, na sijaona kifaa cha bei rahisi kinachofundisha mengi zaidi. Tope lisichotwe katika mtaro wa kiwanda, tafadhali.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa katika shangwe za bakteria wakakamavu, nalo linatufikisha hospitalini. Nilitaja kwamba jeni za ustahimilivu mara nyingi huwa katika plasmidi zinazoazimwa. Katika miaka ya 1950 nchini Japani, bakteria wa kuhara damu walipatikana wakiwa na plasmidi iliyokuja kuitwa R100. Ndani ya plasmidi hiyo moja mlikuwa na ustahimilivu dhidi ya zebaki pamoja na ustahimilivu dhidi ya streptomisini, tetrasaiklini, kloramfenikoli na dawa za salfa. Maana yake ni kwamba zebaki pekee, bila tone la dawa, inaweza kuwapendelea bakteria wanaoshinda dawa za hospitali. Ukiwaua wanyonge kwa madini, wanaosalia wameshika silaha zote mbili. Sasa chukua majitaka ya viwanda yenye madini, uyachanganye katika bomba moja na majitaka ya hospitali na ya vyoo vya mitaa, kisha uyaweke pamoja kwa siku nyingi katika bwawa lenye joto. Mtu aliyetaka kwa makusudi kuwafunza bakteria ukaidi asingeweza kubuni shule bora zaidi.

Naam, wapo wanaouza vijiumbe katika pakiti, unga wa kutia chooni au katika mtaro, kwa madai kwamba humaliza kila uchafu. Historia haiwaungi mkono sana. Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, alimuunganishia bakteria mmoja plasmidi kadhaa ili aweze kuvunja sehemu mbalimbali za mafuta ghafi, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikakubali kwamba kiumbe hicho kinaweza kupewa hataza. Kesi ile ilibadilisha sheria ya dunia, lakini bakteria yule hakuwa kamwe dawa ya kawaida ya kusafisha mafuta yaliyomwagika baharini. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, kilichosaidia ni kuwatilia mbolea bakteria wenyeji wa ufuo. Bakteria wa kununuliwa walipojaribiwa mwaka uliofuata, hawakuonyesha tofauti ya maana. Mgeni anayeletwa kwa pakiti hushindwa na njaa, na baridi, na wenyeji walioizoea ardhi yao.

Kama ni wenyeji, Kenya inao wa kutosha. Maziwa ya magadi kama Bogoria yamejaa bakteria wanaostawi katika maji makali yanayochubua ngozi ya binadamu, nayo majitaka ya viwanda vingi vya nguo na ngozi yana ukali wa aina hiyo hiyo. Wageni walitambua thamani yao kabla yetu: vimeng'enya vilivyotokana na viumbe wa maziwa haya vilifikia kutumiwa ng'ambo kufifisha rangi ya suruali za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likajitokeza hadharani kudai kwamba Kenya ipewe haki yake. Sitaki kuingia katika mzozo ule. Nauliza tu ni wanafunzi wangapi wa vyuo vikuu vyetu wanaopewa fedha za kuwachunguza bakteria hao kwa ajili ya mitaro ya Thika na Athi River, badala ya kusoma habari zao katika majarida ya watu wengine.

Narudi Nairobi. Ujenzi wa mabomba ya kuyaokoa majitaka yasiingie mtoni ni jambo jema, nami sitalibeza. Majitaka ya nyumbani yakifika Ruai, bakteria watayashughulikia, maana huo ndio ugali wao. Hofu yangu ni kiwanda kitakachoona bomba jipya limepita langoni na kudhani limekuja kumpunguzia kazi. Kromiamu haitakoma kuwa kromiamu kwa sababu imepita katika bomba la serikali. Mbaya zaidi, sumu ikifika kwa wingi siku moja huwaua au huwazubaisha bakteria wa mabwawa, na hapo hata kinyesi hakishughulikiwi ipasavyo. Kiwanda kimoja kinaweza kuuharibu mlo wa jiji zima.

Sheria tunayo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na sheria ya mazingira ya 1999 inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa. Mbinu pia zipo. Kiwanda cha ngozi kinaweza kuitenga mifereji yake ili maji yenye kromiamu yasichanganyike na mengine, kikaigandisha kromiamu kwa oksaidi ya magnesiamu, kikaiyeyusha kwa asidi na kuitumia tena katika ngozi zinazofuata. Karakana ndogo ambazo haziwezi kumudu mtambo peke yake zinaweza kukusanywa mahali pamoja zichangie mmoja, fikra iliyo pia katika mpango wa serikali wa eneo la viwanda vya ngozi huko Kenanie, kaunti ya Machakos. Baada ya madini kuondolewa ndipo bakteria waitwe, nao hawatatuangusha.

Ninalolitaka liulizwe bungeni na katika mabaraza ya kaunti ni jambo dogo linaloweza kujibiwa kwa tarakimu. Chini ya mabwawa ya Ruai kuna tope jeusi lililokuwa likijikusanya kwa miaka mingi. Weusi ule ni wa salfaidi, ile ile ya chupa ya Winogradsky, na yamkini umeshikilia madini mengi ya viwanda vyetu. Likikaa chini ya maji, bila hewa, madini hayo hayaendi mbali. Likichotwa na kuanikwa juani, oksijeni huifungua salfaidi na madini huweza kuyeyuka upya. Tope la majitaka huwavutia wakulima kwa sababu lina rutuba, na bei ya mbolea dukani wanaijua. Kabla ya lori la kwanza kupakia, nani amelipima tope hilo, bwawa kwa bwawa, kwa kromiamu, risasi, kadimiamu na zebaki, na matokeo yake yamebandikwa wapi ili mkulima wa Njiru au wa Kangundo ayasome?